Mtafute kuanzia kaburini: kufuatilia ukoo wa mfungwa aliyepelekwa Australia

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa New South Wales, na kwao habari za babu wa babu zilikuwa fupi: alitoka Uingereza kwa hiari yake, akafuga kondoo, akafa. Wanangu upande wangu wa Tanga wanaujua kizazi baada ya kizazi, maana shangazi yangu akianza kuhesabu hanyamazi. Nikaona si haki upande mmoja uwe na majina na mwingine uwe na kondoo tu. Nikaanza kupekua. Babu kweli alikuja kutoka Uingereza, lakini hiari haikuwepo: alikuja na pingu.

Hakuwa peke yake. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia, wanaume kwa wanawake, wengi wao kwa wizi. Uzuri wake kwa mtafutaji, kama kuna uzuri, ni kwamba serikali iliwaandika kuliko ilivyowaandika raia wake walio huru. Mkulima mwaminifu wa Kent wa mwaka 1830 huenda asiache zaidi ya ubatizo, ndoa na maziko. Jirani yake aliyeiba kondoo ana urefu wake, rangi ya macho yake, makovu yake na kila siku aliyomjibu vibaya bwana aliyepangiwa kumtumikia. Nyaraka hizi UNESCO iliziingiza mwaka 2007 kwenye orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia, na sehemu kubwa unazisoma bure kwenye simu.

Ninayoandika hapa ni njia niliyopita, pamoja na mahali nilipoangukia.

Hatua ya 1: Anza na kifo chake

Kila mtu anataka kuanza na kosa. Aliiba nini? Nani alimhukumu? Acha kwanza. Ukianza na mahakama utakuta watu kumi wenye jina moja, na utamchagua yule mwenye kisa kitamu. Anza na watu unaowajua wako, panda ngazi mmoja mmoja: cheti cha mama, cha bibi, cha baba yake bibi, mpaka ufike kwa yule wa kwanza kufia Australia. Cheti cha kifo chake ndicho ufunguo.

Usajili wa serikali ulianza miaka tofauti kila koloni: Tasmania mwaka 1838, Australia Magharibi 1841, Victoria 1853, New South Wales 1856. Vyeti vya kifo vya Victoria na New South Wales ni mali. Vinauliza majina ya wazazi wa marehemu, alikozaliwa, aliyemuoa, watoto wake na umri wao, na safu moja ndogo ambayo wengi huiruka: ameishi kwenye makoloni miaka mingapi. Babu yetu alikufa mwaka 1871, na safu ile inasema miaka 38. Toa. Unapata 1833. Hesabu ya darasa la pili imekupa mwaka wa meli.

Usiapie lakini. Aliyejibu maswali alikuwa mtoto au jirani, na marehemu mwenyewe huenda aliwadanganya maisha yake yote. Acha nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande. Kwa Tasmania vyeti vya zamani vina maneno machache, wazazi hawatajwi. Huko utategemea zaidi ndoa na ubatizo wa watoto, ila faraja ni kwamba picha za rejesta za karne ya 19 zimewekwa bure na maktaba ya jimbo.

Hatua ya 2: Jua ni koloni ipi

Australia ya wakati ule haikuwa nchi moja, na kila koloni ina ghala lake la karatasi. New South Wales ilipokea wafungwa tangu 1788 hadi 1840. Van Diemen's Land, iliyobadilishwa jina kuwa Tasmania mwaka 1856, iliwapokea mpaka 1853. Australia Magharibi ilianza wenzake wanamaliza, mwaka 1850, ikaendelea hadi meli ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle Januari 1868. Waliopelekwa koloni hiyo walikuwa karibu 9,700 na wote ni wanaume. Kwa hiyo kama bibi yenu alifika kama mfungwa, ondoa Australia Magharibi kwenye hesabu zako leo hii.

Watu walihama pia. Aliyemaliza kifungo Tasmania mara nyingi alivuka kwenda Victoria, hasa dhahabu ilipopatikana huko mwaka 1851, na akifika bara hakusema katokea wapi. Ukimkosa huku, mtafute kule.

Hatua ya 3: Tafuta meli

Hapa ndipo penye kazi. Jina peke yake si mtu. Jina pamoja na meli, huyo ndiye mtu. Makarani wa enzi zile walilijua hilo, ndiyo maana katika karatasi zao kila mfungwa hufuatwa na meli yake kama sisi tunavyofuatwa na jina la baba: fulani wa meli fulani. Ilimwandama mpaka uzeeni.

Mimi sikuzingatia. Nilipata mtu mwenye jina la babu yetu, kafika mwaka 1833, nikampokea kwa mikono miwili. Miezi miwili nikawa namchimba: kesi yake, viboko vyake, bwana wake. Mpaka siku moja nikakuta kwamba alikufa mwaka 1836, miaka kadhaa kabla babu yetu hajazaa mtoto wake wa kwanza. Walikuwa wawili wenye jina moja, mwaka mmoja, meli mbili. Nilishamwambia mama mkwe habari zote za yule wa kwanza, nikalazimika kurudi kuzimeza.

Kuna sehemu tatu za kuipata meli. Ya kwanza ni rejesta za usafirishaji zilizotunzwa Kew, London, kwenye ghala la nyaraka za taifa la Uingereza, ambazo maktaba ya jimbo la Queensland imezigeuza kuwa orodha ya mtandaoni yenye majina zaidi ya 123,000. Inakupa jina, mahakama, kifungo, meli na tarehe ya kuondoka. Ya pili ni fahirisi za idara ya nyaraka ya New South Wales na za maktaba ya Tasmania. Zote mbili hazidai ada kutafuta. Ya tatu ndiyo niipendayo: maombi ya ndoa. Mfungwa hakuwa na ruhusa ya kuoa mpaka gavana akubali, na daftari la maombi hayo, la New South Wales likianzia 1826 hadi 1851, linaandika bwana na bibi, umri wao, meli ya kila mmoja, kifungo chake, na jibu. Ukishajua alioa nani, daftari hilo linakutolea meli mbili kwa mpigo.

Kumbuka kuwa jina la meli nalo halitoshi bila mwaka. Asia, kwa mfano, ni jina la meli zaidi ya moja, na zilikuja mara nyingi. Ndiyo sababu orodha huweka namba ya safari pembeni ya jina. Iandike namba hiyo.

Waliotoka Ireland wana njia yao. Idara ya nyaraka ya Dublin ina orodha yake ya mtandaoni, lakini rejesta za usafirishaji za kabla ya 1836 ziliteketea katika moto wa jengo la Four Courts mwaka 1922. Kwa hao, orodha zilizoandikwa meli ilipofika Sydney ndizo zilizobaki na uzito. Na wapo waliohukumiwa kwenye makoloni mengine kabisa. Mwaka 1834 walishushwa Sydney watoto wawili wa kike waliokuwa watumwa Mauritius, Elizabeth Verloppe na Constance Couronne, wameshtakiwa kutaka kumtilia sumu mwanamke aliyewamiliki. Mtu wa namna hiyo usimsake Kew tu.

Hatua ya 4: Soma mwili wake

Ukishakuwa na meli, fungua orodha ya waliopokelewa. Zile za miaka ya mwanzo ni kavu: jina, mahakama, kifungo. John Caesar, mtu mweusi anayedhaniwa kuwa mzaliwa wa Madagaska, alihukumiwa Maidstone mwaka 1786 na kufika na meli ya Alexander katika msafara wa kwanza wa 1788. Mengi tunayoyajua juu ya nguvu zake, njaa yake na utoro wake tumeyapata kwa maofisa walioandika shajara, maana karani wa orodha hakujishughulisha.

Kufikia miaka ya 1830 mambo yamebadilika. Karatasi ya Sydney imechapwa safu kwa safu: umri, anajua kusoma au la, dini, ameoa, watoto wa kiume wangapi na wa kike wangapi, alikozaliwa, kazi yake, kosa, mahakama, siku ya hukumu, kifungo, makosa ya nyuma, urefu, ngozi, nywele, macho. Mwisho kuna safu ya alama za mwilini. Soma hiyo polepole.

Wafungwa wengi walijichora tatuu, na wengi walijichora herufi. Karani aliziandika zote ili mtoro akikamatwa atambulike, bila kujua kwamba anamwandikia mtafuta nasaba. Nanga au nusu mwezi haitakusaidia sana. Herufi mbili kwenye mkono wa kushoto zitakusaidia: huenda ni mke, mama au ndugu. Babu yetu alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia, kidole kimoja kilichopinda, na herufi mbili mkononi ambazo hazikulingana na jina la bibi aliyemzalia watoto New South Wales. Nikaziandika kwenye daftari, nikaziwekea alama ya kuuliza. Mara nyingine safu hiyo hiyo husema ana kaka aliyetangulia miaka miwili nyuma. Hapo umepata mtu wa pili bure.

Tasmania inazidi. Huko kila mfungwa ana ukurasa wa mwenendo. Juu pana jina, namba ya polisi, meli na mahakama. Chini yake sifa aliyopewa jela na kwenye zile meli kongwe zilizofanywa magereza kule Uingereza, kisha maneno yake mwenyewe juu ya kosa lake: niliiba kitu fulani kwa fulani, mke wangu yuko mahali fulani. Sentensi hiyo ndiyo karibu pekee ambamo utamsikia akisema. Halafu unafuata msururu wa makosa ya huko huko: ulevi, kulala nje, ufidhuli kwa bwana, siku sita peke yake kwa mkate na maji.

Mwandiko ni mdogo na umesongamana, umejaa vifupisho. Usisome ukurasa mzima kwa siku moja. Chukua neno unalolijua, jina la meli kwa mfano, angalia karani huyo anavyoandika kila herufi, kisha utumie kama kielelezo. Baada ya kurasa tatu jicho linazoea.

Hatua ya 5: Mfuate mpaka alipoachiwa huru

Hapa vifupisho ndivyo vinavyosema. TL ni kibali cha kujitafutia riziki mwenyewe ndani ya wilaya moja huku kifungo kikiendelea. Wa miaka 7 New South Wales aliweza kukiomba baada ya miaka 4, wa 14 baada ya 6, wa maisha baada ya 8. CP ni msamaha wa masharti: yu huru ila asikanyage Uingereza. AP ni msamaha kamili. FS ni aliyemaliza kifungo chake. Wa maisha hawezi kuwa FS, kwa hiyo ukiona mtu wa maisha ana hati ya kumaliza kifungo, umeshika mtu mwingine.

Kisha kuna CF, aliyekuja huru, na hapo chunga. Sensa ya New South Wales ya mwaka 1828 inamwekea kila mtu herufi zake, na wapo waliojibu wanavyotaka wao. Aibu ya kuwa na mfungwa kwenye ukoo ilidumu zaidi ya karne. Familia zilikata kurasa za Biblia, zikabadilisha tahajia ya jina, zikasema babu alikuwa baharia. Nashauri kila hadithi ya ukoo inayosema alikuja kwa hiari kabla ya 1840 uiheshimu, halafu uichunguze. Kwa mama mkwe wangu nilianza kumuuliza kwanza kama anataka kujua. Si kila mzee atataka.

Magazeti yako Trove, mtandao wa Maktaba ya Taifa ya Australia, bure, kuanzia Sydney Gazette la mwaka 1803. Humo utakuta matangazo ya watoro, leseni za baa, wizi wa ng'ombe na maziko. Tafuta jina la shamba au la bwana aliyepangiwa, maana mashine iliyoyasoma magazeti hayo hukosea majina ya watu. Na ukikuta alipewa kipande cha ardhi, ulizia pia ni ya kabila gani la wenyeji wa asili. Karatasi ya gavana haitakwambia.

Hatua ya 6: Sasa nenda mahakamani

Sasa una mahali na tarehe ya hukumu, unaweza kuifuata kesi bila kubahatisha. Jambo la kwanza: mahali alipohukumiwa si lazima pawe alipozaliwa. Vijana walitembea kutafuta kibarua, wakakamatwa wilaya ya tatu kutoka kwao.

Kama ni London, una bahati. Kesi za Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London, kuanzia 1674 hadi 1913, karibu 198,000, ziko mtandaoni neno kwa neno. Mfano ninaowapa wenzangu wafanyie mazoezi ni William Cuffay. Alizaliwa Chatham mwaka 1788, mshona nguo, baba yake akitokea utumwani kisiwa cha St Kitts. Akawa kiongozi wa Chartist, wale waliodai kura kwa wanaume wafanyakazi. Septemba 1848 alihukumiwa Old Bailey kuhamishwa maisha yake yote. Msome kwenye kesi, kisha umfuate kwenye meli ya Adelaide iliyofika Hobart, Tasmania, Novemba 1849, kisha kwenye ukurasa wake wa mwenendo, mkewe alipomfuata mwaka 1853, msamaha wa 1856, mpaka alipofia kwenye nyumba ya wasiojiweza ya Brickfields mwaka 1870. Kila hatua niliyoieleza hapa unaweza kuijaribu kwake kabla hujaijaribu kwa wenu.

Nje ya London kuna ngazi mbili. Kesi nzito zilisikilizwa na majaji waliozunguka mikoani, na faili zake ziko Kew. Nyepesi zilikwenda kwa mahakimu waliokutana mara nne kwa mwaka, na hizo ziko kwenye idara ya nyaraka ya wilaya husika. Faili lenyewe mara nyingi ni mistari michache. Gazeti la mji ule ndilo lenye maneno ya mashahidi.

Na jambo ambalo lingeniokoa muda: kuhukumiwa si kusafirishwa. Wapo waliomaliza kifungo kwenye meli-jela za mto Thames na kurudi kwao. Kama humwoni kwenye meli yoyote, usimlazimishe.

Hatua ya 7: Aliowaacha nyuma

Watafutaji wengi huishia kwenye kesi. Mimi naona hapa ndipo penye ukoo wenyewe. Kew kuna maombi ya kupunguziwa adhabu, mafungu makubwa kuanzia 1819 hadi 1854. Mke anaandikiwa barua na mchungaji, majirani wanatia sahihi au alama ya msalaba, bwana wa zamani anashuhudia tabia njema, na humo watoto hutajwa idadi yao, pengine na majina. Wapo pia wake walioomba serikali iwasafirishe wawafuate waume. Sehemu kubwa ya nyaraka za Uingereza zinazohusu Australia zilinakiliwa kwa mradi ulioanza 1948, na sasa nakala zake zinasomwa kupitia Trove, kwa hiyo huna haja ya nauli ya London.

Asiye na ombi, mtafute mkewe parokiani, kwenye vitabu vya msaada wa maskini, halafu kwenye sensa. Ya mwaka 1841 haisemi nani ni nani kwa nani. Ya 1851 inasema.

Kwenye hiyo ya 1851 ndipo nilipozikuta zile herufi mbili za mkono wa kushoto. Mwanamke wa Kent, mfuaji nguo, ana binti wa miaka 20 mwenye jina la ukoo la babu yetu. Kwenye safu ya ndoa karani ameandika mjane. Mumewe siku hiyo alikuwa hai, New South Wales, ana mke mwingine na watoto wanne. Nimewaweka wote kwenye mchoro mmoja wa ukoo. Mama mkwe aliutazama kimya, akaomba nakala ya pili, kisha akaniuliza kama yule binti wa Kent alizaa.

Hapo ndipo nilipofikia: nasoma rejesta za ndoa za Kent za baada ya 1851.